Jinsi ya kupima hewa ya jikoni na mabanda ya kubanikia samaki kwa sensa ndogo za gesi, kwa watu wa Kigoma

Wakuu, mada hii ni ya yeyote aliyeko Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Uvinza, popote huku kwetu, anayetaka kujua hewa anayovuta yeye na watu wake ikoje bila kusubiri mtaalamu aje na mashine kubwa kutoka Dar. Sensa za gesi siku hizi zimekuwa ndogo mno, kuna ambazo ni milimita 3 kwa 3, ndogo kuliko punje ya hindi, na fundi simu wa kawaida pale Mwanga anaweza akakuunganishia mtambo wako wote ukimpelekea vifaa. Kuunganisha ni kazi nyepesi. Shughuli iko kwenye kuchagua sensa inayofaa, kuiweka panapostahili na kuelewa namba inayokupa, hapo ndo watu wengi wanatupa hela.

KWANZA AMUA UNATAFUTA NINI

Usiende dukani kuulizia "sensa ya hewa chafu", maana utapewa yoyote iliyopo kabatini. Kila sensa inapima kitu chake, na kwa maisha yetu huku mi naona vitu vinne ndo vya kuhangaika navyo.

Cha kwanza na cha hatari kuliko vyote ni CO, yani kaboni monoksaidi. Inatoka kwenye mkaa, kuni, jenereta, chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha, haina rangi, haina harufu, na ikiingia mwilini inang'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, so mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku mwili unakosa oksijeni taratibu mpaka anaishiwa nguvu. Cha pili ni chembe laini za moshi, zile zinazoitwa PM2.5 maana upana wake hauzidi mikroni 2.5, hizi zinapita puani zinaenda mpaka ndani kabisa ya mapafu, na ndo zinawaumiza mama zetu wanaobanika migebuka na wanaochemsha mawese kwa kuni kutwa nzima. Cha tatu ni gesi ya mtungi ikivuja, na hii itazidi kuhitajika kwa sababu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi inaingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuwa nayo. Cha nne ni hewa ukaa, CO2, hii inakuonyesha tu kama chumba kinapitisha hewa ama hapana, inafaa darasani au chumba wanacholala watu wengi.

Kwa jiko la mkaa na banda la samaki unahitaji mbili: ya CO na ya chembe za moshi. Zingine baadae.

AINA ZA SENSA

Zilizojaa madukani na mtandaoni ni za jamii ya MQ, yani MQ-2, MQ-6, MQ-7, MQ-135 na ndugu zake, ni kile kikopo kidogo chenye wavu wa chuma juu. Ndani kuna oksaidi ya bati inayochemshwa na waya mdogo. Ikiwa ya moto, oksijeni ya hewani inajishika juu yake na kuteka elektroni, hivyo umeme unapita kwa shida, sasa ikija gesi kama CO au gesi ya kupikia inaiondoa ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, umeme unapita kirahisi, wewe unapima hiyo tofauti. Mjapani Naoyoshi Taguchi ndo aliomba hataza ya sensa ya namna hii mwaka 1962, na mpaka leo kanuni ni ileile.

Uzuri wake ni bei na ni ngumu kufa. Ubaya wake ni kwamba haichagui: moshi, pombe, manukato, mafuta ya taa, mvuke wa ugali, vyote vinaigusa, hata unyevu wa masika na ukavu wa kiangazi vinabadilisha namba wakati hewa ni ileile. MQ-135 watu wanaiuza kama kipimo cha CO2, jamani sio, haiwezi kupima CO2, hiyo namba inayotoka ni hesabu tu ya programu. Na MQ-7 ambayo ndo ya CO, imetengenezwa ichemshwe kwa volti 5 sekunde 60 halafu volti 1.4 sekunde 90, ndo usome mwisho wa hizo 90, ila bodi nyingi za bei rahisi zinaipa volti 5 muda wote, kwa hiyo unachosoma sicho alichokusudia mtengenezaji. Pia zinakula umeme, kama miliampia 150 kwa kuchemsha tu, yani pawabanki ya 10,000 haimalizi siku mbili kwa sensa moja.

Mimi MQ nashauri kwa kazi moja tu, kugundua gesi ya mtungi ikivuja, hapo MQ-6 inafaa kwa sababu unachotaka ni ndio au hapana, sio kiasi kamili.

Kwa CO nenda na sensa ya elektrokemikali, hapa usibane hela. Ndani ina asidi na vipande vitatu vya kupitishia umeme, CO ikiingia inaungua pale kikemikali na kutoa mkondo mdogo sana wa umeme unaolingana na wingi wa gesi, hivyo mara mbili ya gesi ni mara mbili ya mkondo. Haichemshwi, kwa hiyo yenyewe karibu haili umeme. Kwa anayeanza chukua moduli ya Winsen ZE07-CO, imeshapimwa kiwandani, inasoma 0 mpaka 500 ppm (ppm ni sehemu kwa milioni) na inakutumia namba yenyewe bila wewe kuhangaika na mahesabu ya mkondo. Alphasense wa Uingereza wanatengeneza nzuri zaidi ila zinataka sakiti makini na bei imechangamka.

Jambo moja ambalo kwa huku kwetu lina umuhimu wa kipekee: sensa za elektrokemikali za CO zinaguswa na haidrojeni pia. Betri za sola za maji zikiwa zinachaji zinatoa haidrojeni. Kwa hiyo ukiweka kipimo chako chumba kimoja na betri, kuanzia saa nne asubuhi jua likikolea kitaanza kupandisha namba wakati hakuna hata mkaa uliowashwa. Weka mbali nazo, na hizo betri nazo zitafutie sehemu yenye dirisha maana haidrojeni inalipuka.

Kwa chembe za moshi kuna Plantower PMS5003, kiboksi chenye feni ndogo na mwanga wa leza, hewa inavutwa, chembe zikipita zinatawanya mwanga, inahesabu. Sio sensa ya gesi lakini bila hiyo utaona nusu ya tatizo tu. Kwenye ukungu au unyevu mwingi inazidisha, kwa sababu vitone vya maji navyo vinatawanya mwanga, kwa hiyo namba za alfajiri baada ya mvua zichukue kwa tahadhari.

CO2 ikikuhusu tafuta SCD41 ya Sensirion, ina upana wa milimita 10 kwa 10 tu, na usisahau kuiandikia mwinuko kwenye programu, maana ziwa letu lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na ukienda Kasulu unapanda zaidi, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani na sensa isipoambiwa itasoma pungufu. Zile nyingine ndogo kama BME680 na SGP40 zinakwambia tu hewa imebadilika kuliko ilivyokuwa, hazikwambii ni gesi gani, kwa jiko la mkaa achana nazo.

KUUNGANISHA

Tumia bodi ya ESP32, yani kikompyuta kidogo cha kusoma sensa, ina WiFi ndani na njia zaidi ya moja za kupokea data, so ZE07-CO inapata yake na PMS5003 inapata yake. Zote mbili zipe volti 5, waya hasi ziunganishe pamoja na wa bodi, halafu mguu wa kutuma wa kila sensa uende kwenye mguu wa kupokea wa bodi, kasi ni 9600 kwa zote. Mawasiliano yao ni ya volti 3 na kitu hivyo haidhuru bodi. Ukiongeza MQ-6 hapo ndo uwe macho, mguu wake wa analogi unaweza kutoa mpaka volti 5 na ESP32 mwisho wake ni 3.3, weka rezista mbili za kugawa, ya 10k upande wa sensa na ya 15k kwenda hasi, inashuka mpaka 3. Na tumia mguu kati ya 32 na 39, ile mingine ya analogi inagoma WiFi ikiwaka.

ZE07-CO kila sekunde inatuma baiti 9, ya kwanza ni FF, na kiasi cha gesi kiko kwenye baiti ya tano na ya sita. Kwa kuwa kompyuta inahesabu kuanzia sifuri inakuwa hivi:

ppm = (b[4]*256 + b[5]) * 0.1

Baiti ya mwisho ni ya kuhakiki, usiiruke, waya ukilegea unaweza kupata namba za ajabu ukatoa watu ndani bure usiku. PMS5003 inatuma baiti 32 zinazoanza na 42 4D, PM2.5 unayoitaka iko b[12] na b[13].

Usihifadhi kila sekunde. Chukua wastani wa dakika moja andika kwenye memori kadi pamoja na saa, na kwa ajili ya saa nunua ile bodi ndogo ya saa ya DS3231 yenye betri yake ya duara, umeme ukikatika ESP32 inasahau saa na data isiyo na saa haikusaidii chochote, huwezi kujua kilele kilikuwa wakati wa kupika ugali wa mchana au dagaa wa jioni.

Kuhusu bando, hauhitaji. ESP32 inaweza kurusha WiFi yake yenyewe, unajiunga na simu, unafungua 192.168.4.1 kwenye brauza, namba zote hizo hapo, bure. Kama kipimo kiko mwaloni na wewe uko Gungu na unataka uone kwa mbali basi ongeza moduli ya laini ya simu kama SIM800L, ila ujue ikianza kutuma inavuta mpaka ampia 2 kwa mkupuo, ukiilisha kwa chaja dhaifu kila kitu kinazima na kuwaka upya, na yenyewe inataka volti 4 hivi, ukiipa 5 unaiua.

Kwa umeme, chaja nzuri ya simu inatosha, na pawabanki ya 10,000 pembeni itakubeba siku nzima hivi.

BOKSI NA MAHALI PA KUWEKA

Boksi la plastiki lolote lenye kifuniko linafaa, toboa matundu chini na ubavuni, sio juu, ziba kwa wavu wa mbu ili wadudu wasijenge ndani, hasa kwenye feni ya PMS5003. Usitumie silikoni kuziba, mvuke wake unaenda kuua uso wa sensa za MQ na haziponi tena. Gundi ya moto ni salama zaidi.

Mahali ndo kila kitu. Watu wanaweka juu ukutani karibu na paa kwa sababu ndo kuna msumari, halafu wanashangaa namba ni kubwa au ndogo kuliko wanavyohisi. Wewe unataka hewa inayoingia puani, na mama anayepika kakaa kwenye kigoda, pua yake iko kama sentimita 80 kutoka chini, na kama kabeba mtoto mgongoni na huyo yuko hapohapo. CO uzito wake unakaribiana sana na hewa ya kawaida hivyo inachanganyika tu chumba kizima, basi weka usawa wa pua, umbali wa mita moja na nusu hivi kutoka kwenye jiko lenyewe, sio dirishani, sio mlangoni, na sio juu ya moto kwa sababu sensa ya elektrokemikali haitakiwi kupita nyuzi 50. Ile ya gesi ya mtungi weka chini karibu na sakafu, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa.

Bandani kwa samaki kuna tatizo la ziada, moshi wa migebuka una mafuta, unaganda kwenye kila kitu. Weka upande anaosimama mtu, na feni ya PMS5003 izime iwake dakika moja kila dakika tano (sekunde 30 za mwanzo zitupe, haijatulia), itadumu mara nyingi zaidi.

Na omba ruhusa. Jiko ni la mtu, banda ni la mtu, mweleze unapima nini na utampa yeye majibu kwanza.

KABLA HUJAAMINI NAMBA

Sensa ya CO iwashe mapema, iache itulie, halafu ipeleke sehemu yenye hewa safi uone inasoma ngapi. Huku tuna bahati ya ziwa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka vilimani kwenda ziwani, so mahali pazuri pa kupata sifuri ni ufukweni mchana wakati upepo unakupiga usoni na nyuma ya maji hakuna moto wa mtu. CO hapo inatakiwa iwe chini ya 1. Ikisoma 3, basi toa 3 kwenye kila namba. SCD41 nayo hapo inatakiwa isome 420 na kidogo.

Halafu kama una uwezo nunua mbili za aina moja, ziweke boksi moja wiki nzima jikoni. Zikipanda na kushuka pamoja una cha kuamini. Moja ikiwa inakwenda kivyake irudishe.

Msijaribu sensa kwa kufungia mkaa chumbani mkakaa mnaangalia. Na msiwashe jenereta ndani kwa ajili hiyo.

KUSOMA NAMBA

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 linasema CO isizidi wastani wa miligramu 4 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, ambayo ni kama 3.5 ppm. Kwa saa 8 ni 10, karibu 9 ppm. Kwa saa moja 35, kama 30 ppm. Kwa dakika 15 ni 100, kama 87 ppm. PM2.5 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku na 5 kwa wastani wa mwaka. Kwa hiyo namba ya dakika moja usiilinganishe na kiwango cha siku, tafuta wastani kwanza.

Halafu soma CO na chembe kwa pamoja, maana hapa ndo kuna kitu ambacho macho hayaoni. Nilikuwa kwa mama mmoja Kibirizi, jioni, mvua inataka kunyesha. Nimeshamwamkia shikamoo, kaniitikia marahaba mwanangu, yuko nje anapepea mkaa, moshi mweupe umejaa na namba ya chembe iko juu sana. Mkaa ukashika, ukawa mwekundu safi bila moshi, akaingiza jiko ndani akasukuma mlango ukabaki wazi kidogo tu. Chembe zikashuka dakika chache, CO ikaanza kupanda, 10, 20, ikapita 40 na sufuria ya maharage haijaanza hata kuchemka. Akaniuliza, "Mwanangu, hiko kidude kinalia nini na moshi si umeisha?" Nikamgeuzia simu aone mwenyewe, mstari mmoja unashuka mwingine unapanda, nikamwambia mama, mkaa mwekundu ndo unatoa hii, moshi ukiisha yenyewe haijaisha. Akafungua mlango wote na dirisha la nyuma, namba ikateremka tukiwa tunaangalia. Baada ya hapo dirisha la nyuma alilokuwa kaliziba na gunia kaliacha wazi.

Hiyo ndo sababu nasema msitegemee macho wala pua, na msitegemee sensa ya moshi peke yake kwa jiko la mkaa.

Ukikusanya data wiki kadhaa angalia saa na upepo. Usiku upepo ukilala moshi wa mtaa mzima unakaa chini, utaona PM2.5 inapanda hata kama wewe hujapika, hilo ni la jirani wote na huwezi kulitibu kwa dirisha, ila la CO ni la jiko lako na unaweza.

KENGELE

Weka kengele ndogo kwenye bodi. Viwango vya Ulaya vya kengele za CO vinataka ilie ndani ya dakika 60 hadi 90 ikiwa 50 ppm, dakika 10 hadi 40 ikiwa 100, na ndani ya dakika 3 ikiwa 300. Mi nashauri iwe kali kidogo: taa ya njano ikipita 30, kengele ikipita 50 kwa dakika 10, na ikifika 100 ilie hapohapo. Ikilia fungua mlango na madirisha, toa watu nje kwanza halafu ndo jiko, na mtu akiwa na kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida mpelekeni hospitali na mwambieni daktari alikuwa kwenye chumba chenye mkaa, asije akatibiwa malaria peke yake maana dalili zinafanana. Na chumba cha kulala hakiingizwi jiko la mkaa kwa sababu yoyote ile, kengele iwepo isiwepo, mtambo wa kujiundia unaweza kufa betri usiku na hakuna wa kukuamsha.

Mwisho ni matunzo. Sensa ya elektrokemikali inachoka hata ukiiacha kabatini, nyingi ni miaka miwili hadi mitano, so andika tarehe kwa maka peni juu ya boksi siku unayoiwasha, kila baada ya miezi mitatu irudishe ufukweni uangalie sifuri yake. PMS5003 ikianza kusoma namba kubwa hata ufukweni ipulize vumbi taratibu kwa pampu ya baiskeli kwa mbali, feni ikikwaruza badilisha. Wavu wa mbu uoshe kwa maji na sabuni, ukauke kabisa ndo urudishe.